Mipini ya Mzee Kilasi

Koti liliniuma begani, nikajua nimeandikiwa kosa jingine.

Nilikuwa nimening'inia kwenye kamba katikati ya mnara, juu ya vilima vya Makambako, upepo ukinipiga ubavuni kama kawaida yake, maana upepo wa huku haumheshimu mtu. Mbele yangu lilikuwa panga la kinu cha upepo, refu kuliko nyumba ya mama yangu, na kwenye ukingo wake palikuwa na ufa niliopewa kuuziba. Nilishausafisha kwa tupa. Nilishalaza kitambaa cha nyuzi za kioo na kukipaka gundi. Ukiniuliza mimi, kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri.

"Mkono wa kulia," likasema Koti sikioni mwangu, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua. "Tafadhali badilisha mkono."

Mimi ni mashoto. Tena ni mfupi, kwa hiyo panga nalifikia kutokea chini, wakati Koti linataka nilifikie kutokea juu. Ule ufa halikuutazama hata mara moja. Koti halina habari na panga. Linachotazama ni bega, kiwiko na vidole vya aliyelivaa, na kuvilinganisha na vidole linavyovijua. Vikitofautiana, linauma. Si maumivu makali, ni kama mtu akufinye kukukumbusha adabu, lakini ufinywe kutwa nzima uone kama hutachukia.

Vidole linavyovijua ni vya Mzee Batholomeo Kilasi. Huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa vinu vya kwanza kabisa kusimamishwa kwenye vilima hivi. Alipoanza kuzeeka, Shirika la Upepo wa Nyanda lilimvalisha koti lililofumwa kwa nyuzi zinazohisi kila msuli, akafanya kazi nalo hadi alipostaafu. Kila alivyokaza boliti, kila alivyogonga panga na kutega sikio kusikia kama lina ufa ndani, vyote vikahifadhiwa. Baadaye Shirika likatangaza kwamba vyeti vya ufundi havitatolewa tena na binadamu. Mafundi walikuwa wanawapa vyeti wapwa zao na watoto wa majirani, kila mtu alilijua hilo. Koti halina mjomba, ndivyo walivyosema, na watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, nilikuwa bado shuleni.

Koti halina mjomba kweli. Lina Kilasi tu. Mtu mrefu, wa mkono wa kulia, mwenye masikio mawili mazima, na aliyewafukuza wanawake wote waliowahi kukanyaga karakana yake kuomba uanagenzi. Alikuwa akisema mwanamke akipanda mnara upepo unakasirika. Huyo ndiye aliyekabidhiwa kutupima sisi.

Nilishuka. Osmundi Mgaya alikuwa ameshatangulia, amekaa juu ya sanduku la vifaa anafungua mikanda. Osmundi ni kiziwi tangu utotoni, anatoka Uwemba, na ndiye rafiki niliyempata pale. Yeye akitaka kujua kama panga lina ufa ndani hulikumbatia, akaweka kifua chake juu yake, ndipo akaligonga. Anasema ufa unamtekenya kwenye mbavu. Nilimuuliza kwa ishara Koti limemwandikia nini. Akaniambia lile lile la jana: hakutega sikio.

Tulicheka. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

*

Karakana yetu ina desturi moja iliyolizidi umri lile Koti. Mwanagenzi akiingia, hupewa tupa tupu, chuma kisicho na mpini, pamoja na kipande cha mninga na kisu. Anachonga mpini wake mwenyewe, unaokaa mkononi mwake yeye, halafu kila baada ya kazi anautundika ukutani kwenye msumari wenye jina lake. Ukuta mzima wa mashariki ni mipini. Mafundi wa zamani wako safu ya juu, na ukiwa na jicho unaweza kumjua mtu kwa mpini wake bila kusoma jina. Huyu alikuwa na kiganja kinene, yule alikuwa anakaza mno kidole gumba. Wa Mzee Kilasi una shimo upande wa chini, kama alama ya kijiko kwenye ugali, kwa sababu kidole chake cha mwisho kilivunjwa na kamba ujanani kikapona kikiwa kimepinda.

Wangu niliuchonga mwembamba, umelalia kushoto. Wa Osmundi ulikuwa mfupi na mpana, maana hupenda kuushika kwa mikono miwili ausikie unavyotetema. Palikuwa na wa Zubeda, aliyekulia kambini baada ya wazazi wake kukimbia mafuriko ya pwani, na wa Elimina, mwenye ualbino, ambaye miwani yake ya jua ililifanya Koti limwandikie kwamba hatazami kazi. Tuliitwa wanagenzi wa Mlango Wazi, kwa jina la mpango uliotuingiza. Picha yetu ilibandikwa getini, tumevaa helmeti tunacheka, mmoja wa kila aina. Kila mgeni wa Shirika alipigwa picha chini yake.

Mpango huo ulipiganiwa na Mwalimu Subilaga Mwakyoma. Yeye mwenyewe ujanani alikuwa mmoja wa wale waliofukuzwa na Kilasi. Aliishia kufundisha nadharia darasani, na mpaka leo hajawahi kupanda mnara. Miaka mingi alikwenda kugonga milango ya Shirika, akaombwa arudi kesho, akarudi kesho, hadi wakampa nafasi zetu ili wapumzike. Kwa hiyo alipotuita ofisini siku ile, mimi na Osmundi, na nikaona amekaa bila kuwasha taa ingawa mawingu yalikuwa yameziba dirisha, nilijua habari si njema.

Alitueleza bila kuzunguka. Makadirio ya mtihani wa mnara yametoka, na kati yetu wa Mlango Wazi hakuna hata mmoja atakayefaulu. Shirika limesema wazi: tusipofaulu walau nusu, nafasi zitafutwa, na haitakuwa rahisi kuzirudisha, kwa sababu safari hii watakuwa na ushahidi kwamba watu kama sisi tulijaribiwa tukashindwa.

Osmundi akauliza kwa ishara, nami nikatafsiri kwa sauti ingawa Mwalimu alikuwa anaelewa kidogo. Kwa nini Koti lisifundishwe mikono yetu pia?

Mwalimu alisema ameliomba hilo tangu siku ya kwanza. Jibu ni kwamba Koti hujifunza kwa mafundi wenye cheti tu.

"Na cheti kinatolewa na nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

Mwalimu alitoa kwenye kabati koti jingine, zito zaidi, lenye ukosi mpana unaofunga shingo yote, akaliweka mezani kama mtu anayeweka maiti ya kuku. Alisema linaitwa koti la kumimina. Ukosi wake unazungumza na mishipa ya fahamu. Unapofanya kazi nalo, halikuumi na wala halikusahihishi. Linakusogeza, na kila linapokusogeza linaacha kitu. Ukilivaa wiki za kutosha, mkono wa Kilasi unakuwa umeingia na kukaa. Shirika limeliruhusu mahsusi kwa ajili ya Mlango Wazi. Waliliita msaada.

"Niwaambie ukweli, wanangu," akasema. "Kichwa hakina chumba cha ziada. Kinachoingia kinasukuma kilichokuwemo, na kilichosukumwa hatujaona kikirudi."

Osmundi aliangalia lile koti muda mrefu. Kisha akaniomba nitafsiri neno kwa neno, nisilainishe. Alisema: Kilasi hugonga panga, akasubiri sauti. Mikono yake ikiwa yangu, nitagonga, nitasubiri. Nitasubiri nini?

Mwalimu Subilaga alilivuta lile koti upande wake. Nadhani hilo halikuwa limemjia. Osmundi alisimama, akamshika mkono kwa heshima, akatoka. Hakuupiga mlango.

Nikabaki mimi. Nilimwonea hasira Osmundi kwa kuondoka, kwa sababu alikuwa na sababu iliyo wazi na mimi sikuwa nayo. Mikono yangu ingeweza kumpokea Kilasi. Nikikataa, msichana atakayekuja baada yangu atakuta mlango umefungwa, na jina langu litakuwa miongoni mwa majina yaliyoufunga. Nikikubali, mlango utabaki wazi, lakini atakayeupita ni Kilasi, amevaa sura yangu. Nililiona hilo siku ile ile, ofisini mle, sina wa kumlaumu kwamba alinificha. Tena nilikitaka kile cheti. Nilikitaka vibaya sana. Nilikuwa nimechoka kufinywa.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi ningelivaa kabla hujamaliza kuuliza," akasema, na machozi yakamtoka. "Ndiyo maana usinisikilize."

Nililivaa.

*

Nitasema jambo ambalo wapinzani wa koti la kumimina hawapendi lisemwe: ni tamu. Nilitegemea kuburutwa kama mbuzi. Badala yake nilipanda mnara asubuhi ya kwanza na mwili wangu ukawa mwepesi. Mkono wa kulia ulinyooka wenyewe kwenda mahali ambapo boliti ilikuwa, ukaikaza, ukaiacha, bila mimi kuhesabu wala kuhofu. Nikagonga panga na kidole kikajua pa kugonga. Begani kimya. Baada ya miezi ya kufinywa, ule ukimya ulinifanya nilie juu kule, na upepo ukanikausha.

Zubeda na Elimina nao walikubali, na wengine karibu wote. Tulipanda tukiwa tumepangana kwenye minara na kutoka chini, aliniambia Mwalimu, ulikuwa unaona mtu mmoja amejirudia. Sikuelewa kama anasifu au anaomboleza. Sidhani hata yeye alielewa.

Mabadiliko yalikuja kidogokidogo. Mpini wangu ulianza kunitoa malengelenge. Nikidhani ni baridi, nikaufunga kitambaa, haikusaidia. Siku moja nikiwa nakunywa chai nikaona kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kimejikunja chini ya kikombe. Nilikinyoosha. Nilipopeleka kikombe mdomoni kikajikunja tena. Kidole changu hakijawahi kuvunjika. Nilikaa pale nakinyoosha na kukiachia, nakinyoosha na kukiachia, hadi chai ikapoa.

Mwalimu alisema wengi wamelalamikia mipini, kwa hiyo tuichonge upya. Akatugawia vipande vya mninga. Ule wa zamani nikauchomoa kwenye tupa nikaenda nao nyumbani mwisho wa wiki.

Mama yangu anakaa Kidugala, njia ya magari ya mbao. Nilipofika alikuwa jikoni. Alinipa kisu na kabichi kama alivyozoea, akageukia moto, akawa ananisimulia harusi ya binti wa jirani ambayo chakula kiliisha wageni wa heshima hawajala. Katikati ya hadithi akanyamaza. Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama mikono.

Lazima nieleze. Nikiwa mdogo, bibi, mama yake baba, alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, aukalishe mgongoni mwangu, ili nijifunze kutumia mkono wa watu. Kila siku mama akirudi shambani ananifungua. Hakumjibu mkwewe vibaya, hakugombana, ila alinifungua, hadi bibi akachoka kunifunga. Na mwalimu wa darasa la kwanza aliponichapa vidole kwa kuandika kwa kushoto, mama alikwenda shuleni akakaa ofisini kwake kutwa nzima bila kusema kitu, mpaka yule mwalimu akaniomba radhi. Mkono wangu wa kushoto niliachiwa na mama. Sikuzaliwa nao tu, ulipiganiwa.

Sasa kabichi ilikuwa imekatwa nyembamba, vizuri kabisa, na kisu kilikuwa mkono wa kulia.

"Tusekile," mama akasema. "Safari hii nani kakufunga?"

Nilimwambia hakuna aliyenifunga, mama, nimechagua mwenyewe. Nilimweleza habari za mtihani na za wasichana watakaokuja. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakichukua kisu kutoka mkononi mwangu, akakiweka kwenye ule wa kushoto, akavikunja vidole vyangu kukizunguka, kimoja kimoja. Nilijaribu. Kisu kilicheza, kikapita pembeni ya kabichi, kikaniponyoka kikaanguka chini. Mama aliinama akakiokota. Hadithi ya harusi hakuimalizia.

Mpini wangu wa zamani nilimwachia. Sikuwa na pa kuuweka kwingine.

*

Tulifaulu. Wote tuliomiminiwa, hakuna aliyebaki. Osmundi alifanya mtihani kwa namna yake, amelikumbatia panga, akaonyesha ufa wa ndani ambao ulikuwepo kweli, na Koti likaandika kwamba hakutega sikio. Aliondoka kabla ya mahafali. Mpini wake uliondolewa ukutani, kwa sababu ukuta ni wa mafundi. Aliniaga getini, chini ya ile picha ambayo yeye pia alikuwemo anacheka. Kwa ishara akaniuliza kama mikono yangu bado inajua kuzungumza naye. Nikajibu kwamba inajua, lakini nilijibu polepole na kwa mkono wa kulia, naye akaona. Akanipiga begani mahali pale pale Koti lilipokuwa likiuma, akapanda gari.

Siku ya mahafali Shirika lilileta turubai, spika na wageni. Kaimu mkurugenzi alisema Mlango Wazi umevunja rekodi, kwamba hakuna kundi lililowahi kufaulu kwa alama zinazolingana namna ile, na kwamba nafasi zitaongezwa. Waliokaa nyuma walishangilia. Kulikuwa na wasichana kule nyuma, wamekuja na mama zao kuangalia. Niliwaona. Kwa ajili yao nilikuwa nimefanya, kwa hiyo niliwatazama sana, nikitafuta ndani yangu furaha niliyoahidiwa. Haikuwepo.

Mgeni wa heshima alikuwa Mzee Kilasi. Alikuja amevaa suti iliyomzidi, mikono inamtetemeka kwa uzee, mchangamfu, ana utani kwa kila mtu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda. Alisalimiwa na Mwalimu Subilaga, akamwitikia marahaba kwa furaha, wala hakumkumbuka. Tulipopangwa mbele yake, wanawake wengi kuliko wanaume, alitikisa kichwa akacheka. Alisema zamani alikuwa na ujinga kuhusu wanawake na minara. Alisema leo ameona wanawake wanafanya kazi sawasawa kama yeye. Watu walimpigia makofi marefu, na alistahili, alikuwa anasema kweli tupu.

Zawadi yake ilikuwa mpini wake mwenyewe, autoe ukutani aende nao nyumbani. Kaimu mkurugenzi alimshika kiwiko wakaenda hadi kwenye ukuta wa mashariki. Mzee hakuwa na miwani, majina hakuyasoma. Alinyoosha mkono, akaanzia safu ya chini, akagusa mpini mmoja, akaupita. Akagusa wa pili. Akasimama. Akarudi kwenye wa kwanza. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta fanicha imesogezwa. Safu nzima ya chini ilikuwa na shimo upande wa chini, kama alama ya kijiko kwenye ugali. Wa Zubeda, wa Elimina, wa kila mmoja wetu. Tulikuwa tumechonga kila mtu peke yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwishowe alichagua. Aliutoa kwenye msumari wenye jina langu.

Nilipiga hatua nikamwambia polepole, ili nisimwaibishe mbele za watu, "Samahani mzee, huo ni wangu."

Alinitazama kwa upole. Aliufunga mkono wake kuuzunguka ule mpini, na kile kidole chake kilichopinda kikaingia kwenye shimo kikatulia. Hata mtetemeko ulipungua.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Mtu hausahau mkono wake."

Na hakukosea. Nilirudi nyuma, picha zikapigwa, akaondoka nao.

Wageni walipokwisha kuondoka, na vijana wa turubai wanakunja viti, Mwalimu Subilaga alikuja akasimama karibu yangu tukiangalia ule msumari mtupu. Alitoa kipande cha mninga mfukoni mwa gauni lake la mahafali na kisu, akanipa, akaenda zake bila kunitazama.

Nilikaa kwenye sanduku la vifaa, mahali Osmundi alipokuwa akikaa. Nilishika kisu kwa kushoto. Nilikuwa nakumbuka vizuri mpini wangu ulivyokuwa, mwembamba, umelalia upande, ningeweza kuuchora ukutani kwa mkaa. Kisu kilitetema, kikakwaruza mti, kikanichana kiganja. Nilijaribu tena. Damu ikafanya mti uteleze. Basi nikakihamishia kulia ili nifute damu kwanza, na kabla sijapata kitambaa, mkono ulikuwa umeshaanza kazi. Ulichonga haraka, vizuri, bila kusita, na mimi nikautazama.

Ulipomaliza, nikautundika ule mpini, na shimo lake, chini ya jina langu.